Wajina wa Bwana Klaudio

Kuna watu ukiwatazama wakila, njaa inakutoka wewe. Bwana Klaudio Kadenge ni mmoja wao. Asubuhi hiyo ya Jumatatu alikuwa amekalia kiti cha wateja katika chumba cha Bi Mapenzi cha kupigia taipu, pale Mji wa Kale, sahani ya mbaazi za nazi magotini, hamri mkononi, anatafuna mdomo wazi. Chumba chenyewe hakina pa kujificha: ukuta huku, ukuta kule, kompyuta katikati. Mapenzi alisikia kila tonge likishuka. Kisha bwana yule akalamba kidole cha shahada mpaka kwenye fundo, akanyosha mkono mezani, akaanza kufunua karatasi safi moja baada ya nyingine, kila moja akiiachia doa la mchuzi. Hakuwa akitafuta kitu. Ilikuwa tabia tu, ya mtu mzima ambaye hajawahi kukatazwa.

"Mama Kenga," akasema, "wewe ndiwe unayejua kuwapamba watu. Nami nataka unipambe."

Ni kweli Mapenzi alikuwa fundi wa kupamba, ila aliowapamba ni maiti. Miaka ishirini na miwili alikuwa akiandika wasifu wa marehemu, ule unaosomwa kabla jeneza halijashushwa. Kutoka Makadara mpaka ng'ambo ya Likoni, mtu akifa watu wake humjia. Mlevi aliyezoea kulala mtaroni, Mapenzi alimwandika "alipenda sana kukaa na watu." Mwanamume aliyempiga mkewe mpaka majirani wakahama, "hakupenda mzaha nyumbani kwake." Waombolezaji walitikisa vichwa, wakalia, wakaenda zao. Siku hizi kila mtu huandika mwenyewe kwa simu, makosa matupu, na kazi ilikuwa imepungua mno.

"Lakini wewe hujafa, Bwana Klaudio."

Bwana akacheka. Chembe ya mbaazi ikaruka ikatua kwenye kompyuta, naye wala hakuomba radhi. Akaeleza haja yake: Jumamosi mjukuu wa Mapenzi anapewa jina, na jina ni lake yeye, Klaudio, kama walivyokubaliana. Basi anataka karatasi ya kusoma mbele ya watu, inayoeleza asili ya jina hilo na watu wakubwa waliolichukua tangu zamani. Jina la Kilatini, la Rumi, si mchezo. Hata kwenye Matendo ya Mitume limo.

"Watu wajue mtoto amepewa kitu kizito," akasema. Akachovya kidole kwenye mchuzi, akainama chini ya meza ambako mtoto alikuwa amelazwa ndani ya kapu la ukindu, akamtia kidole kinywani. "Onja, wajina. Onja vya baba."

Mtoto akanyonya. Mapenzi alingoja bwana aondoke, na alipoondoka akamtoa mtoto kapuni, akamfuta ulimi na ufizi kwa pindo la leso, akamfuta tena na tena mpaka mtoto akalia, na alipolia akafutwa mara nyingine.

Sasa, asiyejua mambo ya Wagiriama atasema, jina tu, lina ubaya gani? Kwa ukoo wao Mapenzi mtoto wa kwanza wa kiume huchukua jina la babu mzaa baba, na mwenye kulitamka mbele ya watu ni bibi mzaa baba. Babu alikuwa Mung'aro, mumewe Mapenzi, Mungu amrehemu. Jina lilikuwa tayari, linamngoja mwenyewe. Lakini aliye hai akiomba awe wajina na bibi akakubali, jina ni lake huyo, na pamoja na jina hupata mlango. Wajina habishi hodi. Huingia akaketi, akapikiwa, akalala mchana kwenye kitanda cha nyumba hiyo akitaka, na ukimwuliza amefuata nini atakwambia, "Nimekuja kujitazama." Hapo huna la kusema tena.

Na nyumba yenyewe ilikuwa vyumba viwili huko Tononoka visivyobaki na mwanamume. Mung'aro alikuwa amekufa. Kenga, mwana wa pekee, alikuwa amekufa katika ajali mkewe akiwa na mimba ya miezi saba. Walibaki Mapenzi, mkaza mwanawe Sidi, mwanamke wa miaka ishirini na mitatu, na hicho kitoto cha miezi mitano ambacho jina lake lilicheleweshwa na matanga ya baba yake. Klaudio naye ni Mgiriama kama wao. Alijua vizuri sana anaomba nini.

Utauliza, basi kwa nini Mapenzi alikubali? Kwa sababu Kenga alipokufa, Klaudio ndiye aliyeleta hema na basi la kupeleka watu kuzika. Kwa sababu Sidi alipojifungua, Klaudio ndiye aliyempa kazi ya kupokea simu katika ofisi yake ya kutoa mizigo bandarini, pale Makadara, na kazi hiyo ndiyo iliyowalisha wote watatu. Na kwa sababu nyingine, ambayo Mapenzi hakuisema hata ndani ya moyo wake bila kwanza kutazama pembeni.

Mwezi wa pili, siku moja adhuhuri, alimpeleka mtoto ofisini akanyonye. Alipanda ngazi polepole, viatu mkononi kwa sababu ukanda ulikuwa umekatika. Mlango ulikuwa haujafungwa vizuri. Akaona. Klaudio alikuwa amembana Sidi kwenye kabati la mafaili, mkono mmoja umemshika kiwiko, na wa pili una kitambaa, anamfuta doa la maziwa kifuani, polepole, akitabasamu kama mtu anayefuta vumbi kwenye gari lake jipya. Sidi alikuwa ameugeuzia uso ukuta. Hakupiga kelele. Maziwa yalikuwa yakizidi kutoka.

Na Mapenzi alifanya nini? Alirudi kinyumenyume. Alishuka ngazi zote mpaka chini, akavaa viatu na ukanda wake uliokatika, akapanda upya akiburura miguu na kukohoa, ili wasikie. Alipoingia Klaudio alikuwa dirishani. "Aa, karibu Mama Kenga," akasema. "Umemleta wajina wangu?" Hapo ndipo habari ya jina ilipoanzia. Na Mapenzi akajibu, "Asante sana, Bwana Klaudio." Asante! Neno hilo lilimkaa mdomoni siku nzima, akasukutua na maji ya chumvi, wala lisitoke.

Basi Jumatatu hiyohiyo akaanza kazi. Alitafuta kwenye mtandao, akasoma, akapiga taipu. Jina lenyewe, kwanza, maana yake kiwete. Naam. Kilatini chote kile, maana yake mtu anayechechemea. Ulikuwa ukoo wa mabwana wakubwa uliohamia Rumi zamani za kale ukatoa watawala kizazi baada ya kizazi. Wema walikuwemo, tusiwadhulumu. Alikuwepo Klaudio kipofu aliyejenga barabara ndefu na mfereji wa kwanza wa maji mjini. Alikuwepo Klaudio Lisia, yule jemadari aliyemwokoa Paulo asiuawe. Na Klaudio Ptolemi wa Iskanderia, mjuzi wa nyota na ramani, ambaye hata pwani yetu hii aliiandika. Hao Mapenzi aliwamaliza kabla chai haijapoa.

Waliobaki, jamani, wakawa kazi. Kulikuwa na Publio Klaudio, amiri wa vita vya baharini. Warumi walichukua kuku watakatifu merikebuni; kuku wakila punje, ni dalili ya ushindi, wakikataa, usipigane. Kuku wakakataa. Bwana akasema kama hawataki kula basi na wanywe, akaamuru watupwe baharini. Akapigana, na merikebu zake nyingi zikaangamia.

"Kuku walimkosea nini?" aliuliza Mejumaa, muuza mbaazi wa mlango wa pili, aliyekuja kuchukua sahani yake. Aliiona ile sahani ilivyolambwa, akaishika kwa ncha za vidole.

Mapenzi akaandika: "Hakuwa mtu wa kuyumbishwa na ushirikina."

Alikuwepo mwingine wa ukoo huo, kijana wa nyumba kubwa, aliyevaa nguo za kike akajipenyeza kwenye ibada ya wanawake watupu, ya usiku, ambayo mwanamume hakuruhusiwa hata kuchungulia. Ati alikuwa akimwandama mke wa mtu. Mejumaa aliketi aliposikia hilo.

"Kwenye shughuli ya wanawake? Mwanamume mzima?" Akasonya kwa nguvu. "Huku kwetu angetoka hana jino, tena tungemsindikiza kwa vigelegele. Huyo usimtie, Bi Mapenzi. Huyo ni uchafu."

Mapenzi akaandika: "Alikuwa karibu na watu wa rika zote na jinsia zote." Mejumaa akamtazama, akaenda zake na sahani.

Akaja Kaisari Klaudio mwenyewe, mtawala wa Rumi. Akiwa mtoto, jamaa zake walimcheka kwa kuchechemea na kutokwa na mate, na mtu akimwonea huruma hapo hakosei. Lakini alipopata ufalme akamwoa binti wa ndugu yake, binti aliyezaliwa na ndugu yake mwenyewe, na ilibidi sheria ibadilishwe kwanza ndipo ndoa isimame. Mapenzi akaandika: "Aliithamini sana damu yake." Wanasema mke huyohuyo alimlisha uyoga wa sumu. Akaandika: "Alifariki baada ya kula na jamaa." Vidole vilikwenda vyenyewe. Aliutazama ukurasa, ukampendeza, na hapohapo akachukizwa na kupendezwa kwake.

Halafu akafika kwa Apio Klaudio, hakimu, na vidole vikasimama. Alisoma habari ile mara mbili. Alitafuta neno la kumpamba huyo, fundi yeye wa miaka ishirini na miwili, akalikosa. Akafunga duka mapema, akambeba mtoto mgongoni, akaenda nyumbani kwa miguu.

Alhamisi jioni, jua bado liko uani, Sidi alikuwa kwenye karai anafua nguo za mtoto. Mapenzi akamsomea karatasi ilivyokuwa. Sidi alisikiliza bila kuinua kichwa. Tangu apate kazi alikuwa amekonda, na alioga mara mbili akirudi, mara mbili, akijisugua mikono kwa dodoki mpaka nyekundu. Mapenzi aliwahi kumwambia sabuni itaisha.

"Ni hao tu?" Sidi akauliza.

"Yuko mmoja nimemwacha."

"Kafanya nini?"

Mapenzi akamweleza. Apio Klaudio alikuwa hakimu, mmoja katika kumi waliotawala mji. Alimtamani msichana mmoja, mwana wa askari, baba yake yuko vitani. Msichana akamkataa. Basi akampanga mtu wake amkamate barabarani na kudai kuwa huyo ni mtoto wa mjakazi wake, aliibwa utotoni. Kesi ikaja mbele ya nani? Mbele ya Apio mwenyewe. Baba akarudi mbio kutoka vitani, akalia, akaleta mashahidi. Apio akahukumu msichana achukuliwe. Baba akaomba aseme naye faragha kidogo, akamvuta kando penye maduka, akachukua kisu cha muuza nyama, akamchoma mwanawe, akisema hana njia nyingine ya kumweka huru.

Sidi aliacha kufua. "Akamchoma nani?"

"Mwanawe. Huyo msichana."

"Kwa nini asimchome hakimu?"

"Haikuandikwa," Mapenzi akasema.

"Alikuwa mbali naye?"

"Hapana. Hatua chache."

"Na kisu anacho."

"Anacho."

"Na hao watu wengine? Hakukuwa na wanawake pale?"

"Walikuwepo. Walikuwa wakilia."

"Wakilia," Sidi akasema. Akakamua nguo, akaitundika, akachukua nyingine. Usiku ule Mapenzi chakula hakikumpita. Kila alipotia tonge kinywani alikiona kile kidole cha mchuzi kikizama katika kinywa cha mtoto, na kitambaa kikizunguka kifuani, na yeye mwenyewe akishuka ngazi kinyumenyume, viatu mkononi, mwanamke mzima wa miaka hamsini na minane. Alijiona. Hakuwahi kuona kitu cha kutia kinyaa namna ile.

Ijumaa Klaudio alipita kuchukua karatasi yake. Alitazama urefu wake tu, akaridhika, akaikunja akaitia mfukoni bila kusoma.

Jumamosi baada ya adhuhuri ua wa Tononoka ulijaa. Majamvi yalitandikwa, wali ukapakuliwa, jamaa wa upande wa Mung'aro walikuja na wa upande wa Sidi nao walikuja. Klaudio alifika amevaa suti ya kijivu, amejipulizia manukato mazito, na chini ya manukato jasho. Alishika mikono ya wanawake wote kwa mikono yake miwili, akiikawiza. Alipofika kwa Sidi akamshika begani mbele ya watu, akasema, "Mama wa mimi huyu," na watu wakacheka, maana ndivyo wajina husema. Sidi hakucheka. Mapenzi aliona bega lile likijikunja chini ya kiganja kama konokono aliyetiwa chumvi.

Klaudio akasimama akasoma. Alisoma vizuri, hilo lazima tulikubali. Kuku walimpita bila yeye kuwajua. Alipofika kwa Kaisari akakiinua kichwa kama aliyekuwa akisomewa wasifu wake, na watu wakapiga makofi. Kisha akalamba kidole, akakunja karatasi, akamgeukia Mapenzi. "Haya, Mama Kenga. Tamka."

Mtoto alikuwa mgongoni mwa bibi yake. Mapenzi akasimama katikati ya majamvi.

"Karatasi hiyo niliiandika mimi," akasema. "Kuna mtu mmoja nilimwacha." Akawasimulia habari ya Apio Klaudio, kwa maneno machache, kama alivyomsimulia Sidi. Kina mama waliacha kula. Alipofika kwenye kisu, bibi mmoja wa upande wa Sidi akasema kwa sauti ndogo, "Mwana wa watu." Klaudio bado alikuwa akitabasamu, alidhani ni mapambo mengine.

"Bwana huyu hataki jina," Mapenzi akasema. "Anataka mlango. Kule ofisini humbana mkaza mwanangu kwenye kabati la mafaili, akamshika mkono, akamfuta maziwa ya mtoto kifuani kwa kitambaa chake, huku anacheka. Maziwa ya mtoto wa mwanangu Kenga, aliye kaburini. Na leo amekuja hapa kunitaka mimi, mama yake Kenga, nimpe ruhusa ya kuyafanya hayo nyumbani kwangu, mchana, bila hodi. Ananitia kinyaa. Mtoto huyu ni Mung'aro. Mung'aro mwana wa Kenga. Nimelitamka, nanyi mmesikia."

Hakuna aliyepiga makofi. Shemeji mkubwa wa Mapenzi, nduguye Mung'aro, aliyekuwa ameketi karibu na mlango, aliinuka taratibu, akasema, "Tumesikia. Mung'aro." Wengine wakaitikia, mmoja mmoja, "Mung'aro." Klaudio alitazama huku na huku akitafuta uso mmoja wa kumcheka Mapenzi pamoja naye, akaukosa. Akafuta midomo kwa kitambaa kutoka mfukoni, na wanawake wote pale wakakitazama kile kitambaa.

"Kumbe kweli fadhila za punda mashuzi," akasema. "Sidi, Jumatatu usikanyage kwangu." Akapita katikati ya sahani, akatoka. Vijana wawili wa upande wa Sidi wakamfuata mpaka barabarani kuhakikisha ameondoka.

Ndipo kelele zilipoanza. Kila mtu alisema lake, na wengine walisema walikuwa wamemjua siku nyingi. Kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa pili Mapenzi alihisi anaweza kumeza mate yake mwenyewe. Akamtafuta Sidi. Alimkuta nyuma ya nyumba, kando ya tangi la maji, amesimama wima, mikono imening'inia.

"Yamekwisha, mwanangu," akasema.

"Mama." Sauti ya Sidi ilikuwa ndogo. "Mimi sikukwambia."

"Hukuniambia nini?"

"Habari ya kitambaa. Ya maziwa. Sikumwambia mtu yeyote, hata mama yangu mzazi. Wewe ulijuaje?"

Mapenzi angeweza kusema watu husema, au Mungu humwonyesha mama. Maneno hayakumpiga chenga siku hizo zote ila mara moja tu. Akayatazama yote, akayaacha.

"Niliona," akasema.

"Lini?"

"Siku ile nilipomleta mtoto kunyonya. Nilikuwa mlangoni."

Kule mbele watu walikuwa wakiita, "Mung'aro yuko wapi, mleteni tumwone."

"Mwezi wa pili," Sidi akasema. "Leo ni mwezi wa tano. Kila asubuhi ulinifungia chakula. Ukasimama pale mlangoni, ukaniambia, nenda mwanangu, utachelewa."

"Sidi..."

"Kila asubuhi."

Hakulia wala hakupaza sauti. Alinyosha mikono yote miwili, mikono ile iliyosuguliwa ikachubuka, na Mapenzi alipotaka kuishika akairudisha nyuma, kisha akainyosha tena.

"Nipe mwanangu," akasema.

Mapenzi akafungua fundo la leso, akamshusha mtoto mgongoni, akampa.